Kulikinga Bamba la Nyuma la Breki Dhidi ya Kutu: Mazungumzo kwa Madereva, Mafundi na Watumishi wa Serikali



Mazungumzo haya yanahusu kipande cha chuma ambacho watu wengi wanaopanda gari kila siku hawajapata kukiona: bamba la nyuma la breki ya dramu. Bamba hilo limejificha nyuma ya gurudumu, halina mng'ao wala sauti, na aghalabu hukumbukwa baada ya breki kuharibika. Hata hivyo, ndilo linalobeba viungo vyote vya breki katika gurudumu hilo. Nia ya mazungumzo haya ni kueleza namna ya kulisafisha na kulipaka rangi kabla halijadhoofika, na vilevile kuonyesha mahali pasipofaa kupakwa rangi, kwani rangi iliyowekwa pasipostahili huweza kuleta madhara yasiyopungua yale ya kutu yenyewe.

MFANO WA MASIEDA

Kwa wakaazi wa Unguja na Pemba, kutu si mgeni. Upepo wa bahari huileta chumvi hadi mlangoni, na kila mwenye nyumba anajua hali ya bati, nondo na bawaba zilizokaa miaka michache bila kutunzwa. Kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba gari likishapelekwa Bara, mbali na pwani, limesalimika. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo sababu mfano wa mazungumzo haya umetolewa Masieda.

Masieda ni kata katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, mkoa ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kugawanywa kwa Mkoa wa Arusha. Iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, na wakaazi wake kwa sehemu kubwa ni wakulima na wafugaji. Gari linalohudumia maeneo kama hayo, likiwa la afya, la kilimo, la elimu au la abiria, hupita katika barabara za udongo. Wakati wa mvua magurudumu yake hujaa tope. Wakati wa kiangazi hujaa vumbi. Usiku katika nyanda za Mbulu huwa na baridi, na asubuhi chuma kilicholala nje hukutwa kimelowa umande. Aidha, katika mabonde yanayozizunguka nyanda hizo yapo maziwa ya magadi na chumvi, kama vile Eyasi, Manyara na Balangida. Gari linalopita kandokando ya maziwa hayo huweza kubeba chumvi katika tope lake bila ya kuiona bahari hata siku moja.

Kwa hiyo tofauti baina ya gari la Masieda na gari la Unguja ni ya njia tu. Huku chumvi huja kwa upepo. Kule unyevu hukaa ndani ya tope lililoganda. Mwisho wake ni mmoja.

BAMBA HILI NI NINI

Breki ya dramu ni ya zamani. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alibuni breki ambayo viatu vyake hutanuka ndani ya dramu inayozunguka pamoja na gurudumu, na mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilianza kutengeneza gari lenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Tangu wakati huo magari mengi yamehamia kwenye breki za diski, hususan katika magurudumu ya mbele. Hata hivyo breki ya dramu haijaondoka. Bado imo katika magurudumu ya nyuma ya magari mengi madogo na ya magari mengi ya mizigo midogo, yaani yale yale yanayotumiwa zaidi katika kazi za Serikali na usafiri wa vijijini.

Ndani ya breki hiyo dramu huzunguka, lakini bamba la nyuma halizunguki. Limefungwa kwa boliti kwenye ekseli. Juu yake imefungwa silinda ndogo ya gurudumu, ambayo dereva akikanyaga breki husukumwa na mafuta na kuvitanua viatu. Pembeni mwa kila kiatu bamba lina vituta vidogo, kwa kawaida vitatu, ambavyo kingo za kiatu huteleza juu yake. Katikati ya kila kiatu kuna tundu dogo linalopitisha pini na springi inayokizuia kiatu kisiyumbe. Yapo pia matundu ya kurekebishia breki, ya kupitishia waya wa breki ya mkono na, katika baadhi ya magari, ya kutolea maji.

Kwa maelezo hayo inadhihirika kwamba bamba hili si kifuniko cha kuzuia vumbi tu. Nguvu yote inayolisimamisha gurudumu hupita katika bamba kabla ya kufika kwenye ekseli.

KUTU HULILAJE BAMBA

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni kwa pamoja. Kikikosekana kimojawapo, kutu husita. Chumvi ikichanganyika na maji hayo huharakisha kazi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kuoza kwa chuma ni kazi yenye umeme ndani yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana huvimba, hupasua rangi na kubanduka kwa magamba, na kila gamba linapodondoka chuma kipya hufunuliwa ili nacho kiliwe.

Bamba la breki lina bahati mbaya ya mahali lilipo. Mawe madogo yanayorushwa na matairi hulikwaruza. Tope hujikusanya katika kingo zake na kulowa kwa siku nyingi. Joto la breki nalo huifanya rangi dhaifu ikauke na kupasuka. Magari yaliyotumika katika sehemu za Japani zenye theluji huwa na hatari ya ziada, kwa kuwa barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Mnunuzi wa gari kama hilo huweza kulipokea likiwa limekwisha kuanza kuliwa, ijapokuwa mwili wake unang'aa kwa rangi mpya.

Madhara huja hatua kwa hatua. Kwanza, vituta huota kutu na kuchimbika, viatu vikashindwa kuteleza, na breki ikawa inashika upande mmoja au inakataa kuachia. Pili, kirekebishi hukwama na kanyagio likaanza kushuka zaidi ya kawaida. Tatu, chuma kinachozunguka matundu ya pini huliwa hadi pini ikachomoka. Kiatu kilichokosa pini hukaa legelege ndani ya dramu, na huweza kupinda na kulikaba gurudumu ghafla. Mwisho kabisa, sehemu inayoishika silinda hudhoofika, bamba likapinda kila breki inapokanyagwa.

Ajali haichagui mahali, lakini mteremko hauna msamaha. Gari linalotoka Masieda kwenda Babati, makao makuu ya mkoa, kwa njia ya Mbulu na Magara, hulazimika kushuka ukuta wa Bonde la Ufa. Dereva mwangalifu hushuka kwa gia nzito ili injini imsaidie kulizuia gari. Hata hivyo, katika kona breki lazima zikanyagwe, na katika kona hiyo gurudumu la nyuma linaloshika upande mmoja, au kiatu kilichochomoka, huamua hatima ya watu wote waliomo. Gari hilo huenda limembeba mgonjwa, mitihani ya wanafunzi, au mkulima na magunia yake. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kuliona bamba lile.

UKAGUZI KABLA YA RANGI

Rangi ni kinga. Haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa. Kwa sababu hiyo ukaguzi hutangulia.

Gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yasiyofunguliwa yawekewe vigingi, na mwili wa gari uegemezwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Breki ya mkono iachiwe ili dramu ipate kutoka. Dramu iliyogandishwa na kutu isipigwe kwa nyundo nzito. Dramu nyingi za magari ya Kijapani zina matundu mawili yenye hesi, ambayo boliti mbili za milimita 8 zikikazwa kwa zamu huisukuma dramu itoke yenyewe.

Vumbi lililomo ndani ya breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani, na fundi hawezi kuitambua kwa macho. Vumbi hilo lilowanishwe kwa maji ya sabuni, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe kikiwa bado kimelowa.

Viatu vifunguliwe upande mmoja kwa wakati mmoja, ili upande wa pili ubaki kuwa mfano wa kurejeshea springi mahali pake. Kisha magamba yakwanguliwe, na bamba ligongwegongwe kwa nyundo nyepesi. Chuma kizima hutoa sauti kavu. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufifia, na bisibisi ikisukumwa juu yake huzama. Bamba lililotoboka, lililopanuka matundu ya pini, au lililokonda panapofungwa silinda, lisipakwe rangi. Libadilishwe. Kulipaka bamba la namna hiyo ni kuuficha ubovu usionekane na mkaguzi atakayefuata.

KUSAFISHA NA KUPAKA

Katika magari mengi yenye ekseli ngumu bamba hukaa nyuma ya beringi, na haliwezi kutoka bila ya kuchomolewa shafti. Ikiwa shafti inatolewa kwa sababu nyingine, kama vile kubadilisha sili ya mafuta, nafasi hiyo isipotee: bamba litolewe kabisa na lipakwe pande zote mbili. Ikiwa shafti haitolewi, bamba huweza kupakwa likiwa mahali pake, mradi kazi ifanywe kwa uangalifu.

Kutu yote iliyolegea iondolewe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Penye vishimo ambavyo brashi haivifikii, hutumika dawa ya kugeuza kutu, ambayo nyingi hutengenezwa kwa asidi ya fosforiki au ya tanini. Dawa hiyo huibadili kutu iliyobaki kuwa tabaka gumu jeusi. Maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe, na fundi avae glavu na miwani. Baada ya hapo mafuta na grisi vifutwe kwa tina, na chuma kiachwe kikauke. Kazi hii haifai kufanywa wakati wa mvua au wa umande, kwani rangi inayopakwa juu ya unyevu huufungia unyevu huo ndani.

Tabaka la kwanza liwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, na ile ya epoksi yenye sehemu mbili za kuchanganywa ndiyo inayofaa zaidi. Juu yake huwekwa matabaka mawili membamba ya rangi ya nje. Matabaka membamba ni bora kuliko moja zito, ambalo hukauka juu likabaki bichi chini. Rangi ya nje ichaguliwe kwa kuzingatia mambo mawili: joto na mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya kawaida huitafuna rangi nyepesi kama maji yanavyoitafuna chokaa. Rangi ya mafuta inayopakwa milango ya nyumba ni afadhali kuliko chuma kitupu, lakini haidumu hapo. Penye karakana yenye tanuri, rangi ya unga inayookwa hutoa kinga nzuri, ilimradi bamba limetolewa kabisa.

PASIPOPAKWA RANGI

Sehemu hii ndiyo inayosahauliwa na wengi, na mafundi wanaombwa waizingatie. Kabla ya kupaka, sehemu zifuatazo zizibwe kwa utepe wa karatasi.

Kwanza ni vituta vinavyoteleza viatu. Hivyo hulainishwa kwa msasa mwembamba, kisha hupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, kidogo sana, kiasi cha kuacha utando tu. Pili ni mahali panapokaa silinda na panapokutana bamba na ekseli. Rangi nene katika mikutano hiyo hubonyea baada ya muda, na boliti zilizokuwa zimekazwa zikalegea. Tatu ni hesi zote, nipeli ya kutolea hewa na maungio ya bomba la mafuta. Nne ni ukingo unaoingia karibu na dramu, ambao usiwekewe rangi nene itakayosuguliwa. Tano ni matundu ya kutolea maji, ambayo yaachwe wazi. Vizibo vya mpira vya matundu ya kurekebishia breki virejeshwe, na vilivyopotea vinunuliwe vingine, kwa kuwa tundu lisilo na kizibo ni mlango wa tope.

Ipo pia desturi ya kupaka mafuta machafu ya injini nyuma ya bamba kwa imani kwamba yanazuia kutu. Desturi hiyo iachwe. Mafuta hayo hukusanya vumbi, na yanapopata joto hutiririka kuelekea ndani. Lainingi iliyonywa mafuta haishiki tena, na kuiosha hakuirudishii nguvu zake. Lami na nta za kupaka chini ya gari nazo zisisogezwe karibu na breki kwa sababu hiyo hiyo.

BAADA YA KAZI

Rangi ipewe muda wa kukauka kama mtengenezaji alivyoelekeza, hata kama mkuu wa kitengo analihitaji gari asubuhi. Boliti zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikiwa bomba la mafuta lilifunguliwa, hewa itolewe katika mfumo wote. Breki zirekebishwe, zijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu, na breki ya mkono ijaribiwe juu ya mwinuko.

Baada ya hapo utunzaji ni mwepesi. Gari lililopita katika tope, magadi au maji ya bahari lioshwe kwa maji baridi chini na nyuma ya magurudumu, bila ya kuelekeza maji yenye nguvu kwenye beringi. Bamba likaguliwe angalau mara moja kabla ya msimu wa mvua na mara moja baada yake, na mkwaruzo mdogo upakwe rangi upya mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika jambo hili ukuta ni bamba jipya, beringi mpya, sili mpya, na siku ambazo gari halitafanya kazi.

WAJIBU WA OFISI

Mafundi na madereva peke yao hawatoshi. Bamba la breki huoza kwa sababu halimo katika orodha ya mtu yeyote. Fomu nyingi za kupokea gari huuliza habari za redio, mazulia na gurudumu la akiba, na hukaa kimya juu ya kitu kinachoishika breki. Ofisi yenye gari la breki za dramu inashauriwa iongeze mstari mmoja katika daftari la matengenezo: tarehe bamba lilipokaguliwa, hali yake, na jina la fundi aliyelikagua. Mstari huo hauna gharama, nao humfanya kila anayelipokea gari ajue alichokipokea.

Aidha, maombi ya fedha za matengenezo yasisubiri mpaka gari lisimame. Msasa, brashi ya waya, tina na kopo la rangi ni vitu vya bei ndogo, na kazi ya kupaka bamba ambalo bado ni zima haihitaji mtambo wowote. Ofisa anayekataa ombi hilo dogo kwa nia njema ya kubana matumizi huwa ameahirisha tu gharama iliyo kubwa zaidi. Na huenda gharama hiyo isilipwe kwa fedha.

Ndugu Wananchi, mwenye gari la abiria Unguja, dereva wa gari la shamba Pemba na dereva wa Masieda anayejiandaa kuushuka mteremko wa Magara wote wanategemea kipande kilekile cha chuma. Tope la huko na chumvi ya hapa hazifanyi haraka. Huchukua miaka, na katika miaka hiyo yote kazi ya siku mbili ingetosha kuzizuia. Kila mwenye dhamana ya gari anaombwa aivue dramu, atazame nyuma ya viatu, na achukue hatua mapema, wakati chuma bado ni kizima.